Si Amiba, Si Hasadi: Ni Ile Chai ya Maziwa

Kwa miaka 11 nilijijua kuwa mimi ni mgonjwa wa amiba. Kila baada ya miezi mitatu minne tumbo likichafuka, nilikuwa nikienda maabara na kijichupa changu, nikiandikiwa vidonge vile vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni, nikivimeza mpaka vikaisha. Nilipata nafuu wiki moja, pengine mbili. Kisha mambo yalirudi pale pale: tumbo kujaa likawa kama dufu, kunguruma, msokoto chini ya kitovu, kuharisha asubuhi, na riahi ambazo, msomaji utanisamehe, hazina adabu wala hazimjui mkubwa.

Ramadhani ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilifuturu kama alivyotuzoeza marehemu baba: tende tatu na gilasi kubwa ya maziwa baridi, kisha uji, kisha tambi zilizopikwa kwa maziwa na iliki. Ikifika katikati ya tarawehe tumbo linaanza hadithi zake. Udhu unatenguka, natoka safuni, narudi, natoka tena. Mwisho nikawa nasali nyumbani peke yangu, na mzee wa rika langu kukosekana msikitini mwezi mzima si jambo dogo mtaani. Wapo walionong'ona. Wapo walioniambia kwa nia njema kwamba hiyo ni hasadi, na mmoja akaniletea kombe. Nililinywa kwa heshima yake. Usiku ule ule nikashushia na gilasi ya maziwa, maana nilikuwa nimesikia maziwa hutuliza tumbo.

Aliyenifumbua macho ni kijana niliyemfundisha zamani, siku hizi ni tabibu. Tulikutana kwenye maziko, tukakaa upande mmoja wa mkeka.

"Shikamoo Mwalimu. Mbona umekonda?"

"Marahaba mwanangu. Ni hii amiba."

Hakuniuliza habari za amiba. Aliniuliza nakunywa nini kutwa. Nikamhesabia: vikombe viwili vya chai ya maziwa kwa mahamri asubuhi, kimoja saa nne, kimoja jioni barazani, na gilasi ya maziwa kabla ya kulala. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, somo hili ulitufundisha wewe mwenyewe, kidato cha kwanza."

Ni kweli. Nimesomesha baiolojia miaka 28. Nimechora utumbo ubaoni mara zisizohesabika, na sikupata hata siku moja kuutazama wangu. Kwa hiyo leo naomba nilirudie somo lile, safari hii kwa Kiswahili, kwa sababu naamini tuko wengi barazani tunaomeza dawa za maradhi tusiyokuwa nayo.

Wali, chapati, muhogo, ndizi, viazi: vyote hivyo vina wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana mikono. Mate huanza kuukata mnyororo huo, na maji yanayotoka kwenye kongosho hufanya kazi kubwa zaidi. Lakini ukuta wa utumbo mwembamba haupitishi mnyororo, hata uwe wa sukari mbili tu. Unapitisha sukari moja moja. Ni kama vichochoro vya Mji wa Kale: mkokoteni haupiti, sharti mzigo ushushwe, ubebwe kipande kipande. Wanaoushusha mzigo ni vimeng'enya vilivyopandwa juu ya ukuta wenyewe wa utumbo, na kila kimoja kina kazi yake. Kinachokata sukari ya kawaida ya mezani hakiwezi kukata ya maziwa.

Sukari ya maziwa inaitwa laktosi. Ni sukari mbili, glukosi na galaktosi, zilizoungana. Kimeng'enya kinachozitenganisha kinaitwa laktesi. Majina yanafanana, kwa hivyo tuyaweke sawa: laktosi ni mzigo, laktesi ni mchukuzi. Mchukuzi akiwa haba, mzigo hausimami kungoja. Unateremka mzima mzima hadi utumbo mpana, na huko ndiko taabu inakoanzia. Kwanza sukari ile inavuta maji, ndiyo choo kinakuwa chepesi. Pili, utumbo mpana umejaa bakteria ambao kwao hiyo ni karamu. Wanaichachusha, na uchachu huo hutoa gesi za haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Tumbo linajaa, linanguruma, na gesi inatafuta njia. Yote hayo huanza kama nusu saa hadi saa mbili baada ya kunywa. Hesabu mwenyewe muda uliopo kati ya futari na tarawehe.

Basi hapo hapana mdudu wala jicho la mtu, na wala si mzio. Mzio wa maziwa ni jambo jingine, ni mwili kupigana na protini ya maziwa, na huweza kuleta vipele, uvimbe wa midomo na hata kubanwa pumzi. Huo ni wa kukimbiza hospitali. Hili letu linaudhi na linaaibisha, lakini haliui mtu mzima.

Swali nililomuuliza kijana yule ni lile ambalo kila mtu huuliza: mbona nimekunywa maziwa tangu utotoni na hayakunidhuru? Jibu ni kwamba mtoto mchanga huzaliwa na laktesi tele kwa sababu maziwa ndiyo chakula chake. Akishaachishwa ziwa, mwili hupunguza kidogo kidogo kutengeneza kitu ambacho hakihitajiki tena. Ndivyo walivyo paka, mbuzi na ng'ombe wenyewe, na ndivyo walivyo takriban thuluthi mbili ya watu wazima duniani. Kwa hivyo ukitaka kusema kweli, mimi ndiye wa kawaida. Anayekunywa lita nzima akalala usingizi ndiye aliyebadilika.

Na mabadiliko hayo yana historia yake hapa kwetu. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki kuna badiliko la jeni linaloifanya laktesi idumu hadi uzeeni, na badiliko hilo si lile la Ulaya. Lilizuka lenyewe huku kwetu, miaka kati ya 3,000 na 7,000 iliyopita kwa makadirio yao, kwa watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa. Bara Arabu nako kuna la kwao, linalohusishwa na ufugaji wa ngamia. Sisi watu wa pwani tumechanganya damu za wavuvi, wakulima, wafugaji na wasafiri wa jahazi. Usishangae basi ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akamaliza jagi na mwingine kikombe kikamshinda.

Limebaki fumbo la vidonge. Kama sikuwa na amiba, mbona nilikuwa nikipata nafuu? Hili nililitatua mimi mwenyewe, na liliniuma kidogo. Kila nikiugua, mke wangu alikuwa akinikatalia vyakula vizito. Alinipa uji mwepesi usio na maziwa, chai ya rangi yenye tangawizi, na wali mweupe. Wiki nzima hivyo. Tumbo linatulia, sifa zinakwenda kwenye vidonge. Nikipona tu, "mletee babako chai nzuri apate nguvu," na chai nzuri kwetu ni ya maziwa.

Na ile karatasi ya maabara je? Hapo sipendi kumlaumu mtu. Iko amiba iletayo maradhi, Entamoeba histolytica, na iko nyingine, Entamoeba dispar, ambayo hukaa tumboni bila kumdhuru mtu. Mayai yao chini ya darubini ni pacha, jicho haliwezi kuwatofautisha. Mtu akionekana nayo si lazima awe mgonjwa wa hiyo. Ila akirudi mara ya nne na ya tano na malalamiko yale yale, nadhani ilistahili mtu amuulize anakula nini. Mimi sikuulizwa kwa miaka 11, na mimi nami sikujiuliza.

Kipimo kamili cha jambo hili ni cha pumzi. Mtu hufunga usiku, asubuhi hunyweshwa laktosi iliyopimwa, kisha hupulizia kwenye chombo kila baada ya muda. Bakteria wakiichachusha, haidrojeni huingia katika damu na kutoka kwa pumzi, na chombo hukisoma kiwango chake kikipanda. Lakini kipo kipimo cha nyumbani kisichogharimu kitu. Acha maziwa yote kwa wiki mbili. Nasema yote: ya chai, ya unga, ya kopo, aiskrimu, na yale yaliyofichwa ndani ya keki na biskuti. Andika kila siku tumbo limekuwaje. Wiki mbili zikiisha, kunywa gilasi moja asubuhi kabla ya kula kitu, usubiri. Mimi sikuhitaji kusubiri hata saa nzima.

Hesabu yenyewe ni hii. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktosi katika kila mililita 100. Gilasi ya mililita 250 ina gramu 12 hivi, na watu wengi wenye upungufu wa laktesi wanaweza kuhimili kiasi hicho kwa mara moja, hasa wakila na chakula. Kikombe cha chai yetu ya nusu maji nusu maziwa kina gramu 6. Mimi nilikuwa nikimeza gramu 36 kwa siku, na dozi kubwa kabisa, ile ya gilasi, nikiinywa peke yake. Kuchemsha hakuondoi laktosi, hata maziwa yakichemka mpaka yakaota ngozi ya nchi moja. Ya unga yakikorogwa mazito ndiyo balaa zaidi. Maziwa ya ngamia, ambayo siku hizi yanasifiwa kila pembe ya mji kuwa ni dawa, yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe. Ya mbuzi yanapungua kidogo tu.

Nafuu iko kwenye mtindi, au maziwa lala kama wengine wanavyoyaita. Bakteria walioyagandisha wameshakula sehemu ya laktosi, na wale walio hai wanaingia tumboni na vimeng'enya vyao wakaendelea kukusaidia kazi. Samli haina laktosi ya kusemwa. Na tui la nazi, ingawa baadhi yetu hulichanganya na maziwa kwa sababu ya weupe wake, halina laktosi hata chembe. Mkaanga wa samaki wa nazi hauna kosa. Nikiacha maziwa nikose madini ya mifupa? Hapana, nakula dagaa na mifupa yao, nakula mtindi, na simsim naitafuna jioni.

Sasa msomaji mmoja atasema: mimi mbazi za nazi ndizo zinazonimaliza, na maziwa sinywi. Huyo naye namwelewa, ila kesi yake si ya ugonjwa. Mbazi, kunde, maharagwe na pojo zina sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi, na hakuna binadamu hata mmoja aliyezaliwa na kimeng'enya cha kuzikata. Zinashuka kwa bakteria kwa kila mtu, tajiri na maskini. Tofauti ni wingi, na namna tumbo la mtu linavyohisi gesi. Bibi zetu waliloweka mbazi usiku kucha, wakamwaga maji yale, wakachemsha na kumwaga tena ya kwanza, na wala hawakuwa wamesoma baiolojia. Sehemu ya sukari zile hutoka na maji. Sisi tunaona uvivu, tunazitia moja kwa moja motoni, kisha tunalalamika. Lakini usiziache kabisa. Kinachochachushwa kule chini kwa kiasi ni lishe ya utumbo mpana wenyewe.

Matunda nayo yana lao. Fruktosi, sukari ya matunda, ni sukari moja na haihitaji kukatwa, lakini mlango wake ni mwembamba. Ikija nyingi kupita glukosi, nyingine hubaki nje. Embe, tikiti maji na asali vina fruktosi nyingi namna hiyo. Ngowe moja halina neno. Ukikaa chini ya mwembe ukamaliza sita, usiulize usiku.

Kabla sijafika kwenye jambo lililonifanya niandike, niweke onyo. Haya ninayoyasema yasimfanye mtu mwenye maradhi ya kweli akae nyumbani na chai ya rangi. Ukipungua uzito bila kujua sababu, ukiona damu chooni, ukiamshwa usiku na kuharisha, ukiwa na homa, ukaambiwa damu yako imepungua, au kama mabadiliko haya ya choo yameanza baada ya umri wa miaka 50, nenda ukapimwe. Kuna kijidudu cha jiadia kinachoharibu ukuta wa utumbo na kuuondolea laktesi kwa muda. Kuna ugonjwa wa siliaki, ambapo protini ya ngano huufanya mwili uubomoe utumbo wake mwenyewe, na anayeshuku hilo asiache mahamri na chapati kabla ya kipimo cha damu, kwani kipimo huweza kutoka kisafi wakati ugonjwa upo.

Jambo lililonifanya niandike ni la mtoto.

Mwaka jana binti wa ndugu yangu alikuja nyumbani na mwanawe wa miezi 9, amembeba kama kifurushi. Mtoto alikuwa ameharisha kwa nguvu siku tano, akatulia, kisha kuharisha kukarudi na hakukuisha. Siku ya 16 sasa. "Ami, mtoto ananiishia mikononi," aliniambia. Jirani mmoja, bibi mwenye umri wake na anayeheshimiwa, alikuwa amemwambia mtoto amebemendwa, kwamba maziwa ya mama yameharibika na yakimwingia yanamzidishia. Basi mama akamwachisha ziwa, akamnunulia maziwa ya ng'ombe ya unga, na kwa kuwa alimwonea huruma alikuwa akiyakoroga mazito. Choo kikawa maji yenye povu, chenye harufu ya uchachu, na makalio ya mtoto yamechubuka mekundu.

Povu, uchachu na kuchubuka. Nilijua ninachokitazama. Utumbo mwembamba umejaa ndani yake vidole vidogo vidogo kama manyoya ya zulia, na laktesi hukaa nchani mwa vidole hivyo. Maradhi ya kuharisha, hasa yale ya virusi vya rota ambavyo watoto wetu huchanjwa tangu Julai 2014, hukwangua ncha hizo. Ugonjwa unaondoka, lakini laktesi haijarudi. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki, mpaka zulia limee tena. Katika muda huo ukimpa mtoto maziwa mazito ya ng'ombe, unamwagia mzigo mlangoni na wachukuzi hawapo.

Sikujifanya daktari. Kuharisha kukifika siku 14 si kwa kujaribu jaribu nyumbani, kwa hivyo tulikwenda kliniki asubuhi ile ile. Nesi alimpima uzito, akatazama kadi, akauliza swali moja: "Ziwa umemwachisha lini?" Kisha akamwambia arudishe ziwa, leo, na mtoto anyonye mara nyingi mpaka maziwa yarudi. Maziwa ya unga akayaondoa. Badala yake mtoto apewe uji uliotiwa mafuta kidogo, viazi vilivyopondwa na samaki, na mtindi usiotiwa sukari. Akampa vidonge vya zinki, akamwonyesha namna ya kukoroga pakiti ya ORS.

Binti yetu aliuliza swali la maana, na nilifurahi kuwa aliuliza. Kama laktosi ndiyo tatizo, na maziwa ya mama nayo yana laktosi, mbona anyonye? Na kweli maziwa ya mama yana laktosi zaidi, karibu gramu 7 katika mililita 100. Lakini mtoto hunyonya kidogo kidogo, siyo chupa nzima kwa mkupuo, na maziwa yale yana kinga na viungo vinavyousaidia utumbo ujijenge upya. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mwenye kuharisha kwa muda mrefu ni kuendelea kunyonyesha na kuzidisha, na kupunguza maziwa ya wanyama au kuyabadilisha kwa yaliyoganda. Kuhusu bibi yule, sikwenda kumgombeza. Nilikwenda kumwamkia, nikamweleza kuwa maziwa ya mama hayaharibiki ndani ya titi. Alininyamazia, kisha akasema, "Nyinyi mmesoma." Sijui kama alikubali.

Ile pakiti ya ORS nayo ni somo hili hili. Glukosi na chumvi hupita mlango mmoja wa utumbo, na zikiingia huvuta maji ndani pamoja nazo. Mlango huo hubaki wazi hata mtoto akiwa anaharisha, ndiyo sababu maji yale humwokoa. Lakini lita moja ina gramu 13.5 tu za glukosi, na lazima ichanganywe kwa kipimo hicho. Lita ya soda ina karibu gramu 100 za sukari. Ukimpa mtoto soda au juisi ya paketi ili "apate nguvu", sukari inayobaki utumboni huyavuta maji kutoka mwilini mwake na kuyapeleka chooni.

Siku ya nne choo kilianza kushikana. Wiki ya tatu kadi yake ilionyesha mstari unapanda. Sasa hivi ninavyoandika yuko hapa uani anamkimbiza kuku, na mkononi ana kipande cha mkate alichokichovya kwenye mtindi wangu.